Maji ya Saa Nane Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini mimi nilipewa chupa na Wambura akapewa kalamu. Tulikuwa wawili tulioajiriwa asubuhi ile kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki, nje kidogo ya mji wa Musoma. Wote wawili tulikuwa tumeishia darasa la saba. Mkuu wa Kituo, mzee mfupi aliyevaa buti za mpira hata akiwa ofisini, alitutazama kwa zamu, akauliza:

"Nani kati yenu anaandika haraka?"

Wambura alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Mimi nilitazama sakafu. Naandika polepole tangu shuleni, na kuongea mbele ya wakubwa kulikuwa kunanitoa jasho.

"Haya," Mkuu akasema. "Wewe utaandika. Huyu mwenye haya atapima."

Kazi yetu iligawanywa hivyo, na ikabaki hivyo kwa miaka minne. Mimi nachota maji, natia matone ya dawa, nalinganisha rangi na kadi, nataja namba. Yeye anaiandika kwenye rejesta na kutia saini chini ya ukurasa. Mkuu akipita jioni anafungua rejesta, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anasema, "Kazi safi, Wambura." Nami nimesimama pale pale, mikono inanuka dawa.

Nina miaka thelathini na mbili. Kwa umri mimi si mzee, lakini katika kazi hii vijana waliobaki kule wananiita mstaafu, nami nimekubali. Nawaandikia ninyi mtakaoshika chupa zile, mjue tulivyopima maji, na mjue nilichofanya.

Kazi ya mpima maji ni kuangalia vitu ambavyo samaki hawezi kukuambia. Kubwa kati ya hivyo ni amonia. Samaki akila, mwili wake unatoa amonia kupitia matamvua, yaani vile vinyuzi vyekundu anavyopumulia chini ya shavu. Chakula kinachobaki chini nacho kikioza kinatoa amonia. Ikizidi, samaki hawali, wanakuja juu kutafuta hewa, halafu wanakufa.

Aliyenifundisha alikuwa msimamizi wetu wa vipimo. Tulimwita Madam wa Maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye sinki na rafu mbili, lakini ukiingia na buti zenye tope alikufukuza kama umeingia chumba cha upasuaji. Siku moja alinikuta nalinganisha rangi, akaniuliza kama najua ninachopima. Nikasema amonia.

"Ipi?"

Sikujua kama ziko mbili.

Alivuta kigoda cha miguu mitatu tulichokuwa tunakalia wakati wa kuchambua samaki, akakiweka mbele yangu.

"Hii ndiyo amonia," akasema. "Hapa juu pa kukalia ni naitrojeni. Miguu mitatu ni hidrojeni tatu. Sasa naitrojeni ina elektroni mbili hazina kazi, ziko hapa juu, zinasubiri mgeni. Unamjua mgeni wake?"

"Hapana, Madam."

"Protoni. Hidrojeni ni kitu kidogo sana, ina protoni moja katikati na elektroni moja. Ikiachana na elektroni yake inabaki protoni tupu. Na protoni tupu haiwezi kukaa yenyewe majini, lazima imshike mtu. Ikikosa mwingine inashika maji yenyewe, halafu maji hayo yanampa jirani, jirani naye anampa jirani, inaruka hivyo hivyo. Ikikutana na amonia, inakaa hapa juu." Akagonga kigoda kwa kiganja. "Hapo haiitwi tena amonia. Ni amonio. Ina hidrojeni nne, na ina chaji chanya kwa sababu yule mgeni hakuja na elektroni."

"Kwa hiyo mmoja amekaa juu na watatu wako chini?"

Alicheka, na kwa mara ya kwanza nikaona pengo kwenye meno yake. "Swali zuri. Hapana. Akishaingia, wote wanne wanajipanga upya, kila mmoja mbali na mwenzake kwa kipimo kile kile. Ukimpa mtu amonio hawezi kukuambia nani alikuwa wa kwanza na nani kaja mwisho."

Nilimfikiria Wambura. Sisi tuliingia geti moja asubuhi moja.

Kisha akanieleza kinachomhusu samaki. Amonio ina chaji, na kwa sababu hiyo inapata shida kupenya ngozi laini ya matamvua. Amonia isiyo na protoni haina chaji, inapenya na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo kitu kile kile, kikiwa kimebeba protoni, samaki anakivumilia. Protoni ikiondoka, kinakuwa sumu. Na kipimo chetu cha matone kinavihesabu vyote viwili pamoja. Ili ujue kiasi gani ni sumu, lazima usome namba ya pili, ile ya pH, inayoonyesha kama protoni ziko nyingi au zimeadimika majini. pH ikiwa chini, protoni ni nyingi, amonia karibu yote imebeba. pH ikipanda, zinavuliwa.

Wambura hakuwepo siku hiyo. Alikuwa ofisini anapanga rejesta kwa rangi za majalada.

Mwaka wa tatu tulitenganishwa kwa muda. Yeye alipelekwa kwao Kibara kuandika kumbukumbu za vizimba vya samaki ziwani, mimi nikapelekwa Bunda, kwenye matangi ya zege karibu na Nyasura. Siku ya kuagana alinipiga bega mbele ya watu wote.

"Majura bwana, huko utaandika mwenyewe. Tuma ripoti ya mwezi huu mapema, ifike mwakani."

Watu walicheka. Mkuu naye alicheka. Nilicheka pia, nikachukua begi langu.

Bunda nilinunua daftari la mistari, nikawa naandika namba zangu taratibu, bila mtu wa kunisubiri. Fomu ya kituo ilikuwa na nafasi ya pH ya asubuhi tu, kwa hiyo nilipimaga asubuhi. Siku moja gari la chakula lilichelewa, nikashinda barabarani kulisubiri, nikaanza kupima saa nane mchana. Namba ya amonia ilikuwa ile ile ya kila siku. Lakini tone la pH, ambalo asubuhi hubaki kijani, lilikuwa buluu iliyokolea. Nilidhani nimechafua chupa. Nikaosha, nikapima tena, mara tatu. Buluu. Nikainua macho, nikaona sato wako juu ya maji, midomo nje, wanafungua na kufunga.

Nilimpigia Madam simu. Alikuja na basi siku iliyofuata, tukakaa pamoja kando ya tangi tangu asubuhi hadi alasiri, tunapima kila saa. Akanionyesha ule ukijani wa maji. Ni mimea midogo sana, akasema, mchana inakula hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini. Hewa ile ndiyo inayoyapa maji protoni. Jua likiwa kali mimea inaila mpaka protoni zinaadimika, na amonio zinavuliwa. Usiku mimea nayo inapumua, hewa inarudi, asubuhi maji yanaonekana salama kabisa.

"Tumekuwa tukipima saa ambayo maji hayana neno," akasema. "Wewe umeyakuta saa yake."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu kama hicho. Nililala nikikirudia.

Mwezi uliofuata tuliitwa Musoma kwenye kikao. Mkuu alisimama akasoma taarifa. Alisema kuanzia sasa pH itapimwa na mchana pia, kwa sababu ya uchunguzi mzuri uliofanywa "na vijana wetu, akina Wambura." Wambura mwenyewe hakujua kinachosemwa, alikuwa ametoka Kibara siku hiyo hiyo, lakini alisimama akainama kidogo kama bwana harusi. Madam alinitazama, akafungua mdomo, halafu Mkuu akaita ajenda nyingine. Nje Wambura aliniuliza, "Hivi kuna nini kuhusu mchana?" Nikamwambia, "Sijui, ni mambo ya maabara." Fomu mpya zenye nafasi ya pili zilichelewa kuchapwa, na Madam akahamishiwa mkoa mwingine kabla hazijafika. Agizo likasahaulika, nami nikaamua moyoni kwamba namba ile ya pili, ya mchana, ni yangu. Wambura alikuwa na kalamu, rejesta, saini, na kicheko cha Mkuu. Hiki kimoja nisingempa.

Ndipo ikaja Butiama. Kikundi cha akina mama huko kilikuwa kimechimba mabwawa mawili kando ya kijito, na kituo kikaweka humo samaki wazazi, majike na madume makubwa ya sato ambao vifaranga vyote vingetoka kwao. Mkuu alituita wawili ofisini.

"Nahitaji msimamizi wa mabwawa kule," akasema. "Ana nyumba yake, ana watu chini yake. Mtakwenda wote miezi mitatu. Nikija kukagua, mmoja atabaki na mwingine atarudi hapa kwenye ndoo. Mmenielewa?"

Tulimwelewa. Ndani ya basi, tulipoipita Kiabakari, Wambura alikuwa anapanga kwa sauti chumba kipi cha nyumba ile kitakuwa cha wageni.

Tulifanya kama siku zote, mimi napima, yeye anaandika. Ila daftari langu la Bunda nilikuwa nalo, na kila saa nane mchana niliteremka bwawani mwenyewe, nikapima pH na kuiandika humo. Sikuificha na sikuitaja. Akina mama walimpenda Wambura. Alijua majina ya watoto wao. Mwenyekiti wao, Mama Nyangi, alikuwa anamwita "mwalimu," na mimi ananiita "yule mwenzako."

Mwishoni mwa mwezi wetu wa tatu bwawa la juu lilianza kunuka. Chakula kilikuwa kimezidi na tope la chini lilikuwa limeoza. Siku moja kabla ya Mkuu kuja, Mama Nyangi alisimama ukingoni, ameziba pua kwa kitenge.

"Mwalimu, mkubwa wenu anakuja kesho na bwawa linanuka hivi? Atasema sisi ni wachafu."

"Nalifikiria hilo, mama."

"Unafikiria nini sasa? Chooni tunawekaga chokaa, harufu inaisha siku hiyo hiyo. Si uweke chokaa?"

Mama mwingine akadakia, "Na bwawa litakuwa jeupe, linapendeza!" Wakacheka.

Uso wa Wambura uling'aa. Alikumbuka kwamba kwenye maelekezo ya kituo kuna chokaa. Ni kweli ipo. Lakini ile ni unga wa mawe ya chokaa, na inamwagwa kwenye bwawa tupu, kabla ya maji na kabla ya samaki. Hii ya akina mama ilikuwa chokaa kali ya kupaka nyumba. Alimtuma mtu Kiabakari kwa bodaboda, na saa saba hivi mifuko ilikuwa imefika.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti ukingoni, natikisa chupa. Daftari lilikuwa juu ya pipa la chakula. Nilikuwa nimemaliza kuandika pH, nane nukta nane. Kwa namba hiyo, amonia iliyokuwa majini ilikuwa imekwisha kuvuliwa karibu theluthi tayari, samaki walikuwa wanajikaza tu. Chokaa inanyakua protoni kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Ikiingia pale, zilizobaki zingenyang'anywa zote kwa dakika chache.

Wambura akasimama juu yangu.

"Majura, amonia ngapi?"

"Mbili."

"Jana?"

"Mbili."

"Basi haijapanda." Akaiandika. "Kuna kingine?"

Nilijua kabisa alichohitaji kusikia. Niliona nyumba ile. Niliona Mkuu akifungua rejesta. Nikasema, "Umeuliza amonia, nimekwambia amonia."

Alinitazama, halafu akageuka akaenda kufungua mfuko.

Walimwaga yeye na akina mama wawili, kwa makarai, wakizunguka ukingo. Maji yaligeuka meupe kama uji. Mama Nyangi akapiga makofi. Nami nikasimama pale na chupa yangu, na sitawadanganya, kulikuwa na furaha ndani yangu, ndogo na kali, kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu mpaka mia.

Kisha jike mmoja mkubwa alipanda juu. Tulimfahamu kwa kovu la mgongoni, na mayai yake ndiyo tuliyopanga kuanza nayo. Aliogelea kwa ubavu, akazunguka, akapiga ukingo kwa kichwa, akarudi, akapiga tena. Nyuma yake wakaja wengine.

Hapo nilipiga kelele. Watu wa Butiama wanasema mpaka leo kwamba hawakujua nina sauti. Niliwaambia waache, wafungue mfereji wa kijito wote, walete pampu ya bustani. "Shabu!" nikapiga kelele. "Nani ana shabu nyumbani?" Akina mama kule hutumia shabu kutulizia maji ya kunywa yenye tope, na Madam alikuwa amenifundisha kwamba shabu ikiyeyuka inatoa protoni. Walikimbia, wakarudi nayo kwenye vikombe, kwenye pembe za kanga, mmoja kwenye soksi ya mtoto. Tuliiyeyusha kwenye ndoo na kuimwaga huku maji mapya yanaingia. Kila baada ya muda mfupi nilipima. Buluu iliyokolea, buluu, buluu hafifu, na jua lilipokuwa linazama, kijani.

Nusu ya samaki walipona. Yule jike mwenye kovu alikufa.

Mkuu alikuja kesho yake. Alikuta samaki waliokufa wamepangwa kwenye turubai, na rejesta yenye saini ya Wambura ikionyesha mifuko mingapi ilimwagwa. Mama Nyangi, ambaye alikuwa analia, alininyooshea kidole.

"Huyu ndiye aliyewaokoa waliobaki. Huyu kimya. Bila yeye tungebaki na maji matupu."

Mkuu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Miaka yote hii," akasema, "mimi nilikuwa namtazama mtu asiyekuwa mwenyewe." Wambura alikuwa nyuma yake, chokaa bado kwenye nyusi. Alinitazama. Nilingoja aseme kwamba aliniuliza kama kuna kingine. Hakusema. Wiki hiyo alikabidhi kalamu, akaenda kwao Kibara.

Nilikuwa msimamizi wa mabwawa ya Butiama kwa miaka sita. Nilifanya kazi vizuri, hilo nalisema bila aibu. Nilifundisha vijana kusoma namba mbili, kupima asubuhi na saa nane, kutokumwaga kitu chochote bwawani kabla ya kujua protoni zina hali gani. Niliandika mwenyewe na kusaini mwenyewe. Lakini kila mwaka niliposikia habari kutoka Kibara zilinikera. Wambura amechimba bwawa. Wambura ameoa. Wambura amechimba la pili. Mimi ndiye niliyepewa nyumba, na bado nilikuwa nauliza kila mvuvi anayepita kama samaki wa Wambura ni wanene.

Mwaka huu utaratibu umebadilika, msimamizi lazima awe na cheti. Alikuja binti mmoja wa chuo, mpole, anajua kuliko mimi. Nilimkabidhi chupa na daftari. Kisha, kabla ya kurudi nyumbani, nilipanda gari kwenda Kibara, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo nisingeweza kustaafu nalo.

Nilimkuta anashona wavu kwenye kivuli cha banda. Amenenepa. Alinipa kiti, mke wake akaleta chai. Nilimweleza yote bila kumtazama usoni: kwamba nilikuwa na namba ya pili, kwamba ilikuwa nane nukta nane, kwamba nilinyamaza ili aanguke.

Aliendelea kushona matundu mawili, matatu.

"Nane nukta nane," akasema. "Daftari lako lilikuwa wazi juu ya pipa. Niliisoma."

"Uliisoma?"

"Niliisoma kabla sijakuuliza. Sikujua maana yake, nilijua tu kwamba wewe unaijua. Madam alikuwa anakufundisha wewe, mimi ananiambia nifute buti." Akakata uzi kwa meno. "Ningekuuliza nini, Majura? Mbele ya wale akina mama wanaoniita mwalimu? Nikuulize wewe unifundishe? Afadhali chokaa."

Ndugu zangu mtakaokuja kwenye kazi hii, ningependa kuwaambia kwamba nilifarijika, kwamba tulipeana mikono na moyo ukawa mwepesi. Tulipeana mikono, ni kweli. Lakini nilipokuwa natembea kwenda kituo cha basi nilikuwa na hasira. Miaka sita nimelibeba kosa lile nikijua ni langu, la kwangu peke yangu, kitu pekee katika kazi ile ambacho Wambura hakuwahi kukiwekea saini yake. Kumbe hata hilo alikuwa na nusu yake, na ameibeba bila kuchoka, akanenepa.